Ukurasa wa Kwenda Léopoldville

Masisi, 16 Januari 1955

Mjomba Nestor,

Nakusalimu wewe, mkeo Mama Joséphine-Marie, watoto wote, na mama yangu Euphrasie, ambaye najua utamsomea barua hii. Mimi ni mzima. Baridi ya Masisi bado inanitafuta kila asubuhi, lakini mpishi wa koleji amebadilishwa na sasa maharagi yanaiva. Jean-Bosco, mchukuzi wetu wa barua, alinifikishia mafuta ya mawese na samaki wakavu. Samaki tulikula sisi wanne wa chumba kimoja, mafuta nimeyaficha. Amesema mvua imekata tena njia ya Kalembe, kwa hiyo sijui barua hii utaipata lini.

Sasa jambo lenyewe. Padri Mkuu alituita sisi wa mwaka wa mwisho. Chuo kikuu kipya cha Léopoldville kinapokea maombi, lakini alama peke yake hazitoshi. Kila mmoja wetu anatakiwa kuandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, kwa Kifaransa: mimi ni nani, nimetoka wapi, nataka nini. Padri alisema, "Watu wa kule hawajui sura zenu. Watawajua kwa ukurasa huo tu."

Mjomba, tumeshaandika insha juu ya mvua, juu ya wajibu, juu ya faida za miti. Juu yetu wenyewe hatujaandika hata mstari. Wewe ndiye uliyenishikisha kalamu pale Ntoto, basi nakutumia jaribio langu la kwanza kwa Kiswahili. Ukilimaliza, mimi nitaligeuza Kifaransa. Lisahihishe bila kunihurumia. Nikikosa nafasi hii nitabaki karani wa kuhesabu magunia ya kahawa ya watu wengine, na hilo silitaki.

Mpwa wako,
Faustin


Ntoto, 8 Februari 1955

Mpwa wangu Faustin,

Tumepata barua. Hapa wote wazima, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekula kamba akafa. Mama yako anakusalimu. Anauliza kama unavaa ile sweta. Mihogo ya mwaka huu ni mizuri. Mchwa wameanza kula nguzo za darasa la tatu, na mimi nafundisha nikizitazama.

Ukurasa wako niliusoma kwanza na kalamu nyekundu mkononi, kisha nikaiweka chini kwa sababu isingetosha. Umeanza na babu wa babu yako aliyevuka mto Lowa na mbwa wake. Halafu yuko aliyemrithi, halafu ugomvi wa nyavu za kuwindia, halafu nani alimpa nani kilima. Nilifika chini ya ukurasa na wewe hujazaliwa bado.

Najua ilikotoka. Kwetu mtu hajisemi mwenyewe. Akiwa na jambo la kuomba, mjomba husimama akamsemea, na yeye anakaa kimya anatazama miguu yake. Hiyo ni adabu na mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini Léopoldville hakuna mjomba atakayesimama. Itabidi useme "mimi" mpaka ulimi uzoee.

Basi fanya hivi. Tafuta jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako. Dogo. Useme ulikuwa umesimama wapi, ulishika nini, nini kiliharibika. Usiseme kama ulikuwa mwema. Waache wao waamue.

Juu ya baba, andika kwamba alikufa ukiwa mdogo. Mstari mmoja unatosha. Ndivyo misioni wanavyojua tangu nilipokuandikisha.

Mjomba wako,
Nestor


Masisi, 13 Machi 1955

Mjomba Nestor,

Pokea salamu za Kwaresima. Sweta ninaivaa, mwambie mama. Pole kwa mbuzi. Mimi nilipata homa kidogo, ikapita.

Nimekuwa mwalimu bila kutaka. Niliwasomea wenzangu barua yako, tangu hapo wananijia baada ya masomo na kurasa zao. Wa kwanza alikuwa Evode, mtoto wa wafugaji wa Burungu. Aliandika juu ya ng'ombe wa baba yake, rangi zao na pembe zao, mpaka mwisho. Nikamuuliza kama wewe ungeniuliza.

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ngombe."

"Ndo uanzie pale."

Alicheka, lakini alianzia pale: mvulana anayetembea nyuma ya mikia, kwenye tope, anasoma kitabu cha hesabu huku ndama wanampita. Padri Mkuu aliusoma mbele ya darasa. Wenzangu sasa wananilipa kwa sabuni, na sijawahi kuwa msafi hivi.

Ukurasa wangu, ambao nakala yake nimeitia humu, niliuandika upya juu ya zile kengele za mti za mbwa wa kuwinda. Unakumbuka? Babu alinipa kazi ya kuzijaza majani ili zisilie njiani. Nilisahau moja. Mbwa akatembea kengele inalia ko-ko-ko, wanyama wakasikia kabla nyavu hazijasimama, na kijiji kizima kilirudi bila nyama. Hakuna aliyenipiga. Babu alinivisha kengele ile shingoni, nikatembea nayo mpaka jua kushuka. Padri alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akafika kwenye mstari wa baba. Aliniuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema sijui. Alizikwa wapi? Nikasema sijui. Akanitazama, akasema mtu anayekumbuka kengele vizuri namna hii angekumbuka na kaburi.

Mjomba, acha niliandike wazi ili tusizungukane. Babu alipougua, kabla mimi sijazaliwa, wazee walisema mzimu wa ukoo unataka mke. Mama alikuwa msichana, akatolewa yeye. Akajengewa kijumba cha mzimu nyuma ya nyumba ya Babu. Tangu hapo hakuna mwanaume aliyeweza kumtolea mali ya ndoa, na watoto wake wote ni wa nyumba ya Babu. Ndivyo mimi nilivyo: mtoto wa nyumba ya Babu, sikosi ukoo wala jina. Mwanaume aliyenizaa hakuwahi kuwa baba yangu kwa desturi yetu, na nasikia mpaka leo anauza chumvi Kalembe, mzima kabisa. Kwa nini nimuue?

Nijibu hilo kabla hujasahihisha mengine.

Mpwa wako,
Faustin


Ntoto, 17 Aprili 1955

Mpwa wangu Faustin,

Pasaka ilipita vizuri. Wakristo walikuwa wengi mpaka wengine walisimama nje. Mke wangu alipika sombe ya majani ya mihogo na nyama ya nguruwe wa pori. Mama yako mguu unamsumbua lakini shamba haliachi. Inspekta wa shule alikuja, akatazama nguzo za mchwa, akaandika kitu, akaenda. Barua yako ilikaa Kalembe muda mrefu kwa sababu Jean-Bosco alivunja baiskeli.

Ukurasa wa kengele ni mzuri. Ondoa neno "sana" kila mahali ulipoliweka. Ondoa na sentensi ya mwisho, ile ya kusema ulijifunza uvumilivu, msomaji ameshaona. Kwa Kifaransa chunga nyakati zilizopita, hapo ndipo unapojikwaa. Na eleza vizuri kwa nini unataka ualimu wa juu. Usiseme unataka kuinua nchi. Sema unataka kuwafundisha walimu kama mimi, ambao tunafundisha tunachokumbuka.

Juu ya jambo lile lingine, mimi ni mwalimu wa misioni. Padri wetu anapopita huku anakula mezani kwangu. Mama yako amebatizwa, anasali, na kijumba kile tulikibomoa, nguzo tukapikia. Usikisimamishe upya kwa kalamu. Wewe ukienda Léopoldville utakuwa umeenda. Sisi tutabaki hapa na Padri yule yule.

Sehemu ile ya barua sikumsomea mama yako.

Mjomba wako,
Nestor


Masisi, 1 Mei 1955

Mjomba,

Salamu kwa wote. Mguu wa mama aukande na maji ya moto na chumvi. Ndiyo, chumvi.

Nimeliandika. Nakala imo humu ndani ya barua, kwa Kifaransa. Kengele imebaki, na sentensi ulizokataa nimezitoa. Mahali pa baba nimeandika mambo yalivyo: mama aliyetolewa kwa mzimu, kijumba, mtoto wa nyumba.

Padri Mkuu aliusoma amesimama, kisha akakaa. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Sasa nakuona." Alirudia mara mbili ile sehemu ambapo mama anapelekwa kwenye kijumba analia, anageuka kumtazama baba yake. Alisema watu wa kule hawatasahau machozi hayo, na kwamba kati ya kurasa zote huu ndio utakaofungua mlango. Zitaondoka na kamyo, lori ya posta, mwisho wa mwezi huu.

Sikukuomba ruhusa. Najua unaogopa. Mimi pia naogopa, lakini nimechoka kuwa yatima wa mtu anayeuza chumvi.

Mama umsomee au usimsomee. Wewe ndiye msomaji wa nyumba.

Faustin


Ntoto, 14 Mei 1955

Faustin,

Sisi wazima. Ninaandika kwa haraka kwa sababu Jean-Bosco anasubiri na baiskeli yake mlangoni, na nataka barua ikukute kabla ya kamyo.

Nakala yako niliikasirikia, sikufichi. Niliiweka ndani ya Biblia, nikaenda kufundisha, watoto wakapata adhabu wasizostahili. Niliporudi nilikuwa nimeamua kumwandikia Padri Mkuu akurudishie ukurasa, uandike nilivyokuambia. Mama yako alikuwa anamenya mihogo. Akaniuliza, "Faustin aliandika nini, mbona unatembea-tembea?" Nikamsomea yote, neno kwa neno, nikigeuza Kiswahili. Sijui kwa nini. Labda nilitaka naye akasirike ili tuwe wawili.

Alimenya tu. Nilipofika kwenye kijumba akasimamisha kisu.

"Soma tena pale."

Nikasoma tena.

"Nani alimuambia mi nililia?"

Nikamwambia hakuna, ndivyo watu wanavyoandika.

"Mi sikulia. Siku ile walichinja kuku, wakanipatia na firigisi, ile ya wanaume. Nilikula, nikalala. Asubui niliamuka niko na nyumba yangu. Wenzangu walikuwa wanapelekwa ku mabwana wazee, mbali, wengine wanapigwa. Mi nilibakia kwa Papa yangu, nikazaa mutoto wa nyumba ya Papa, hakuna muntu alinigusa kama sitaki. Nilie juu ya nini?"

Nilimwambia kwamba machozi yale yanaweza kumpatia mtoto wake nafasi. Akasema:

"Basi alie yeye. Yangu aondoe. Ingine yote aiache."

Umesikia? Ingine yote aiache. Miaka hii yote nilidhani ninamfichia mama yako aibu, na yeye hakuwa nayo. Niliona haya, mpwa wangu, nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Sasa nakuambia kama mwalimu. Wewe siku ile hukuwapo. Kwenye kengele ulikuwapo, ndiyo maana kengele inalia mpaka huku. Kwenye kijumba uliandika kile ulichodhani Padri angetaka mwanamke wa msituni afanye. Ni sentensi nzuri na siyo yako. Ondoa.

Mimi usinifikirie. Nitajibu nitakapoulizwa.

Nestor


Masisi, 29 Mei 1955

Mjomba Nestor,

Salamu kwako, kwa Mama Joséphine-Marie na watoto, na kwa mama. Barua yako ilinikuta kamyo ikiwa bado Goma, inatengenezwa gurudumu.

Nilikwenda kwa Padri Mkuu, nikamwomba ukurasa wangu. Aliuliza kuna kosa gani. Nikamwambia mama yangu hakulia.

Hakunigombeza; mimi namheshimu kwa hilo. Akasema, "Ukitoa machozi, msomaji atadhani mama yako alipenda." Nikasema, ndivyo. Akasema, "Mtu anayelia katika giza, kila Mkristo atamnyooshea mkono. Mtu anayekula kuku, watamwogopa. Nimeshaona jinsi wanavyochagua. Fikiri." Akanirudishia ukurasa, akasema kamyo ikifika atachukua utakaokuwa mezani.

Nilifikiri kweli. Mjomba, ninataka kwenda kule mpaka chakula kinanishinda. Nilimwonyesha Evode kurasa zote mbili, ule wa zamani na ule niliouanza kuuandika. Akasoma, akanirudishia ule wa zamani.

"Tuma hii. Iko muzuri zaidi."

"Mama amekataa."

"Mama yako atajua aje? Hasome."

Hakusema kwa ubaya. Ni rafiki yangu, na ukurasa wake niliutengeneza mimi. Lakini neno hilo ndilo lililoniamulia. Hasomi. Nimewahi kusikia watu wakiamua mambo mengi juu ya mama kwa sababu hiyo, na wengine ni watu wa nyumbani kwetu. Nilikaa nikaandika: mama alikula kuku na firigisi yake, akalala, akaamka ana nyumba. Kwa Kifaransa inakuwa mistari mitatu, mikavu kabisa. Ule wa zamani niliupasua mbele ya Evode ili nisije nikarudi nyuma.

Padri aliutia kwenye bahasha, akaifunga.

Labda nimejifungia mlango kwa mikono yangu. Kuna siku namkasirikia mama kwa ajili ya hilo. Sehemu hii usimsomee. Hapana, msomee.

Wakati wa likizo nitabaki hapa kufundisha wadogo, Padri ameniomba.

Faustin


Masisi, 7 Agosti 1955

Mjomba, na mama,

Salamu. Nawaandikia wote wawili kwa sababu najua sasa mnasikia pamoja.

Nimepokelewa, mwaka wa maandalizi kwanza. Jibu lilikuja jana. Benoît wa darasa letu, mtoto wa katekista, amepokelewa pia. Evode hapana, na ukurasa wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Alinibebea sanduku mpaka chumba cha wasafiri, akanitania kwamba ng'ombe wake wamefurahi.

Hawakueleza kwa nini wamenichukua. Pembeni ya ukurasa, kwenye nakala waliyoirudisha, mtu ameweka alama ndogo ya penseli kwenye kengele. Kwenye kuku hakuna alama yoyote.

Kamyo inaondoka keshokutwa kwenda Bukavu, na kutoka pale ni ndege. Nilihesabu kila namna, siwezi kufika Ntoto na kurudi. Mnisamehe. Nitaandika nikifika.

Mama, sweta naiacha kwa Evode. Wanasema kule ni joto.

Faustin


Ntoto, 28 Agosti 1955

Mpwa wangu Faustin,

Natumaini barua hii itakukuta Léopoldville ukiwa mzima, na kwamba chakula chao kinaliwa. Hapa wote wazima. Mguu wa mama yako umepona. Kahawa ya Walikale imeshuka bei, watu wanalalamika kama kawaida. Jean-Bosco ameoa, na kwenye arusi yake alianguka kwenye baiskeli ile ile.

Padri wetu alipita. Habari zilikuwa zimemfikia kutoka Masisi, nadhani bila nia mbaya. Aliniuliza mbona nilipokuandikisha nilisema baba yako amekufa. Nilimwambia kwamba mwaka ule aliniuliza maswali mawili tu, baba yu hai au amekufa, na jibu juu yako halikuwa katika hayo mawili. Akasema ningeeleza. Nikamwambia ni kweli, ningeeleza. Tulikula. Mwezi wa tisa, kwa amri yake, darasa langu la tatu atalichukua kijana kutoka Masisi, na mimi nitarudi darasa la kwanza, kwenye a, e, i. Sikufurahi. Lakini nguzo za darasa la kwanza mchwa hawajazifikia, na watoto wa umri ule bado wanajisema wenyewe bila kulazimishwa.

Sasa mama yako. Barua yako nilimsomea yote kwa sauti, siruki tena kitu. Habari ya kupokelewa aliisikia akatikisa kichwa tu, akaendelea kutwanga. Ya sweta ilimchukiza kidogo. Nilipofika mahali pa ndege akaniuliza kama Léopoldville iko mbali kupita Masisi. Nikamwambia iko mbali mpaka mtu hawezi kuifikia kwa miguu, hata akitembea kila siku. Akauliza kama ungepita kwanza hapa. Nikamsomea tena yale uliyoandika, kwamba umehesabu kila namna.

Aliweka mchi chini. Akalia, Faustin, wazi, kwa sauti, mpaka jirani yetu Mama Vestine akaja mbio akidhani tumepata kifo. Mimi sijawahi kumwona hivyo, na ni dada yangu. Nilikaa naye pale. Alipotulia kidogo nikamuuliza kama nikuandikie au niache.

"Muandikie," alisema. "Leo ndo nalia."

Mjomba wako,
Nestor